Uzi: Nchi ndogo kwenye gemu la vita, magari yake yapande vipi?

#1 KambaYaKilindini (mwanzisha uzi), Ijumaa saa 4 usiku

Assalaam aleikum wadau, na hodi kwa wengine wote. Uzi utakuwa mrefu, tafuteni kahawa kwanza.

Sisi ni vijana watatu hapa Mombasa, tunatengeneza gemu la vita la kompyuta. Mwaka wa pili huu. Mchana kila mtu na kazi yake, usiku ndio gemu. Uwanja unautazama kutoka juu, unaamuru askari, malori na vifaru. Vita tulivyochagua ni vile vilivyopita mlangoni kwetu 1940 na 1941: Mtaliano yuko Ethiopia, Eritrea na Somalia, Mwingereza yuko Kenya na Sudan, na vifaa vya upande huu wa kusini vinashuka Kilindini. Mimi nimekulia Likoni. Kila nikivuka kwa feri naona meli zinaingia, na sijaona bado gemu lililoyaonyesha maji haya.

Shida yangu ni magari. Kwa wasiocheza: gemu nyingi za aina hii zina mti wa magari. Unaanza na kigari cha daraja la 1, unapigana, unapata pointi, pointi zinafungua cha daraja la 2, unaendelea kupanda hivyo hivyo. Kwa nchi kubwa mti unajijaza wenyewe. Mjerumani alianza na Panzer I yenye bombomu (bunduki za rashasha) mbili akamaliza na Tiger II ya karibu tani 70. Hapo mtengenezaji huna kazi, unapanga tu.

Sasa njoo kwa hawa wangu. Mtaliano wa Afrika Mashariki ana L3, kigari cha watu wawili, tani 3 na kidogo, bombomu mbili mbele, tareti hakuna. (Tareti ni kile kichwa cha kifaru kinachozunguka.) Juu yake ana M11/39, nazo zilizoletwa huku zilikuwa 24 tu. Baada ya hapo kimya. Tangu 10 Juni 1940 alipoingia vitani njia ya Suez imefungwa kwake, meli haziji. M13/40 yenye mzinga wa milimita 47 inapigana Libya, yeye anaisikia redioni. Afrika Kusini ana aina moja tu ya gari la deraya, yaani gari lililovikwa chuma cha kuzuia risasi. Keya, askari wa King's African Rifles wa Mwingereza, wana malori. Ethiopia ndiyo kabisa, mfalme ametoka uhamishoni na wapiganaji wako milimani na bunduki zao.

Nina madaraja 6 na nchi zisizofika hata la 3. Nimekaa na karatasi hii wiki nzima. Nambieni.

#2 PediMkononi

Kaka unajitesa bure. Weka magari ya kwenye karatasi. Mtaliano alichora vifaru vingi ambavyo hakuvimaliza, na P26/40 yenye mzinga wa milimita 75 aliitengeneza kweli ingawa ilichelewa na ilikuwa michache. Mpe. Gemu kubwa zote zinafanya hivyo, daraja likikosa gari wanaenda kutafuta mchoro kwenye makabati.

Mimi nacheza kila siku kwenye chumba cha gemu Mwembe Tayari, tunalipa kwa saa. Mtu aliyelipa saa yake hataki somo la historia, anataka kesho awe na kitu kikubwa kuliko leo. Usipompa kikubwa, anahama.

#3 BintiMakupa

PediMkononi ana haki kwa nusu. Mtu anataka kesho awe na kitu. Kuwa kitu hicho lazima kiwe *kikubwa*, hapo ndipo sikubali.

Kamba, usiziweke P26/40 huku. Nikiona kifaru hicho kinateremka kwenda Garissa, nazima kompyuta. Na usinakili vya wakubwa ukavibandika bendera nyingine, maana hiyo ndiyo njia ya pili ya uvivu: Sherman (kifaru cha Marekani) ya huyu, Sherman ya yule, Sherman ya fulani, rangi tu ndiyo imebadilika. Njia ya tatu ni kumweka mdogo chini ya mbawa za mkubwa. Gemu la War Thunder wana Finland ndani ya mti wa Sweden, Hungary ndani ya Italia, Afrika Kusini ndani ya Uingereza. Inasaidia kujaza nafasi lakini mdogo anabaki mpangaji kwenye nyumba ya mtu.

Mimi nacheza Finland, miaka sasa, na nikwambie kilichonishika. Kabla ya vita walinunua Uingereza vifaru 32 vya Vickers vya tani 6, na kwa kubana pesa wakavinunua bila mizinga. Kifaru hakina mzinga! Warusi wakawavamia 30 Novemba 1939. Mrusi naye alikuja na T-26, ambayo ni mtoto wa Vickers hiyo hiyo, alikuwa amenunua leseni. Wafini wakateka T-26 kibao, wakang'oa mizinga yao ya milimita 45 wakaifunga kwenye Vickers zao. Wakakiita T-26E. Chuma cha Uingereza, mzinga wa Urusi, dereva wa Finland.

Halafu kuna BT-42. Walichukua vifaru vya BT-7 vya kuteka, wakatia tareti kubwa kama kabati, ndani mzinga mfupi wa Kiingereza wa milimita 114 wa tangu enzi za Vita vya Kwanza. Vilitengenezwa 18. Kilikuwa kibovu, jamani. Inasimuliwa kwamba 1944 kimoja kilimpiga T-34, kifaru cha Mrusi, mara 18 na T-34 akaendelea na safari zake. Na bado wachezaji tunakipenda kuliko vifaru vya maana, kwa sababu kina hadithi mwilini.

Kwa hiyo mti wa Finland haupandi kwenda juu kama mnazi. Unatambaa kama mmea wa maboga: kilichonunuliwa, kilichotekwa, kilichobadilishwa. Hebu tazama nchi zako kwa jicho hilo.

#4 Gereji_Jomvu

Mimi si mchezaji, mwanangu ndiye aliyenionyesha uzi. Mimi ni fundi bodi. Nimeunda bodi za matatu na malori zaidi ya miaka 20.

Hilo gari la Afrika Kusini umelitaja kwa kulipita, umesema tu ana moja. Ndilo lile Marmon-Herrington? Nilisoma habari zake siku moja nikacheka peke yangu, kwa maana ndiyo kazi yetu. Chasisi ni ya lori la Ford, inatoka Kanada. Vyombo vya kulifanya livute kwa magurudumu yote manne vinatoka Marekani kwa hiyo kampuni ya Marmon-Herrington. Mabamba ya chuma yanayeyushwa na kupindwa huko huko Afrika Kusini. Bunduki za Mwingereza. Wanalifunga kwao, basi, gari la vita hilo. Waliunda zaidi ya 5,000. Nchi ambayo haikuwa na kiwanda cha kifaru hata kimoja.

Sasa nikwambie kitu ambacho vijana wa kompyuta hamkijui. Ukiongeza chuma juu, chini kunalia. Mwaka fulani mteja alileta lori dogo, akataka bodi ndefu, madirisha ya vioo vizito, spika kubwa nyuma, na rafu ya mizigo juu. Nikamwambia mzee, springi hizi hazibebi. Akasema funga tu. Nikafunga. Wiki ya tatu amerudi, springi za nyuma zimelala bapa kama kandambili, tairi linakwaruza bodi, na kila akikata kona gari linainama kama dau lenye upepo wa ubavuni. Tukaongeza majani ya springi. Ikawa ngumu, abiria wanaruka. Tukapunguza bodi. Mwisho gari lilikuwa zuri, ila lilipita mikononi mwangu mara nne.

Hizo mara nne ndizo madaraja yako. Gari ni lile lile.

#5 KambaYaKilindini

Mzee wa Jomvu, shikamoo. Nimesoma hiyo ya mwisho mara tatu.

Nilikuwa nafikiri daraja ni gari jipya. Kumbe Marmon-Herrington peke yake inaweza kuwa mti mzima. La kwanza linavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, nalo lina bombomu. Linalofuata linavuta yote manne. Halafu bunduki ya Boys ya kutobolea vifaru na bombomu nyepesi ya Bren. Na ya Libya nayakumbuka vizuri: askari wenyewe walichoka na bunduki ndogo, wakawa wanafunga walichoteka. Breda ya milimita 20 ya Mtaliano, mzinga wake wa 47, hata mzinga wa 37 wa Mjerumani, vyote vilipandishwa juu ya gari hilo, kichwa kimekatwa wazi. Hakuna mhandisi aliyechora hayo.

Basi fikirieni hivi. Pointi zisifungue gari. Pointi zifungue *gereji*: welda bora, kreni, fundi wa bunduki. Vitu vyenyewe vinatoka sehemu mbili. Kuna bandari, yaani meli ikifika salama unapata chasisi, tairi, injini. Na kuna nyara, yaani ulichokiteka uwanjani kikiwa bado kinafaa. Gereji ndiyo inaunganisha. Ukiongeza bamba, kasi inashuka na springi zinaanza kuhesabu siku zake. Deraya ya gari hilo haizidi milimita 12, inazuia risasi za bunduki, mzinga haizuii. Kwa hiyo kuongeza chuma tu hakukuokoi, ni lazima uchague.

Na mkoloni wa Kitaliano, aliyefungiwa bandari, anabaki na gereji peke yake. Huko Ethiopia Waitaliano walifikia kuvika malori yao mabamba ya chuma. Huo ndio mwisho wa mti wake, na ni mwisho wa kweli.

#6 PediMkononi

Maneno mazuri. Sasa nijibuni hili. Mimi nimechukua Mtaliano. Nimeunda gereji yangu, nimevika lori langu vyuma, nafurahi. Mwenzangu anakuja na Matilda, kifaru kizito cha Mwingereza. Deraya milimita 78. Hakuna kitu nilicho nacho kinachoitoboa. Nampiga, nampiga, naye anakuja tu polepole kama bibi harusi. Nitacheza mara ya pili?

Halafu hiyo M11/39 yako nimeijaribu kwenye toleo ulilotuletea mwezi jana. Wallahi nilidhani imeharibika. Adui yuko kulia, nazungusha tareti, inazunguka, nabonyeza, zinatoka risasi za bombomu. Mzinga uko wapi? Kumbe mzinga umefungwa mwilini, chini kulia, hauzunguki, lazima uzungushe kifaru kizima. Nimegongwa nikiwa natafuta. Dogo mmoja pembeni yangu, hata darasa la 8 hajamaliza, akacheka mpaka akakohoa.

#7 KambaYaKilindini

Hahaha. Pole. Haijaharibika, ndivyo ilivyokuwa: mzinga wa milimita 37 mwilini, tareti ina bombomu mbili tu. Lakini nakubali nilikosea kutokueleza. Nitaweka alama ya rangi ardhini, ionyeshe mzinga unaelekea wapi.

Kuhusu Matilda sina jibu.

#8 Mwalimu_Kisauni

Jibu liko Keren, mwanangu.

Matilda zilikuwapo Keren, Eritrea, mwanzo wa 1941. Mtaliano hakuwa na kifaru cha kuzijibu. Alifanyaje? Njia ya kupandia Keren inapita kwenye korongo la Dongolaas, nyembamba, milima pande zote. Alilipua miamba ikaziba barabara. Matilda ya tani 26 mbele ya rundo la mawe ni jiwe lingine tu. Vita vile vilianza Februari na mji ukaanguka 27 Machi, na kwa muda wote huo waliopigana na kufa walikuwa askari wa miguu, Wahindi, Waingereza, na kwa upande wa pili Waitaliano na askari Waeritrea. Wahandisi ndio waliosafisha njia, ndipo vifaru vikapita.

Kwa hiyo Mtaliano wako mpe baruti, usimpe kifaru. Badala ya daraja la 4 awe na kikosi cha kulipua barabara. Mwenye Matilda naye alazimike kuwa na wahandisi, na wahandisi wapande lori, na lori halina deraya. Hapo PediMkononi ana kitu cha kupiga.

Na mkimaliza na vifaru, nawaomba mlitazame lori vizuri. Kule kusini vita vilishindwa na lori. Kismayu ilichukuliwa 14 Februari 1941, Mogadishu 25 Februari. Mogadishu Waitaliano waliacha akiba kubwa ya petroli, haikuchomwa. Askari Wanaijeria wa Mwingereza waliokuwa wameshushwa Mombasa mwaka uliotangulia wakajaza matangi kwa petroli ya adui, wakakimbia mpaka Jijiga, ndani ya Ethiopia, karibu kilomita 1,200 kwa siku 17. Addis Ababa ikaingiwa 6 Aprili. Kama gemu lenu linatoa pointi kwa vifaru vilivyolipuliwa tu, safari ile yote haina pointi hata moja. Mtakuwa mmetengeneza gemu la vita vingine.

Neno la kando. Mwaka uliofuata, 1942, manowari za Uingereza za bahari hii zilihamia Kilindini kwa kumkimbia Mjapani, na wavunjaji wa siri za Mjapani walifanya kazi kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Hapa hapa mjini. Najua halihusiani na magari. Nimeshindwa kulinyamazia.

#9 MzaliwaWaTanga

Nimewasoma kimya toka jana. Babu yangu alikuwa Keya, dereva, alifika Burma. Alikufa nikiwa mdogo lakini nilikaa miguuni pake sana.

Hakuwahi kutusimulia gari. Hakujua hata namba ya mfano wake, kwake lilikuwa "gari la tani tatu", basi. Alichosimulia ni tope. Bonde la Kabaw, 1944, mvua za masika ya huko ambazo alisema hazina mapumziko. Alikuwa akitwambia namna ya kufunga minyororo kwenye tairi gizani kwa kupapasa, huku unaimba ili mwenzako upande wa pili ajue umefika pingili ya ngapi. Alisema madereva wapya walikuwa wanakanyaga mafuta wakikwama, gari linajichimbia kaburi. Wa zamani walikuwa wanazima, wanashuka, wanakata mianzi.

Sasa kwenye gemu lenu, gari likichomwa unapoteza nini? Kama ni gari tu, basi mwenye viwanda anashinda siku zote, kwake gari ni bei. Kwa mdogo kitu cha thamani ni yule aliyejua kukata mianzi. Mfanyeni dereva ndiye anayepanda madaraja. Gari likiteketea akitoka mzima, ahamie na ujuzi wake kwenye kitu chochote, hata cha kuteka.

#10 BintiMakupa

MzaliwaWaTanga, umemaliza. Ndiyo iliyokuwa Finland. Walinunua kwa Mjerumani vifaru vya StuG 59 tu, 30 mwaka 1943 na 29 mwaka 1944, wakaingiza watu walioshindania uhai kwenye makopo ya kuteka. Kifaru kilikuwa kizuri, ndiyo, lakini walioingia ndani yake hawakuwa wageni.

Ila Kamba, angalia jambo moja. Ukiweka bandari, nyara, gereji, dereva, springi, petroli na minyororo, mchezaji atahitaji karani. Gereji_Jomvu alisema mara nne. Si mara arubaini.

#11 Gereji_Jomvu

Kweli. Mteja haoni welda yangu. Anaona gari limeinama au halijainama.

#12 KambaYaKilindini

Nimekaa kimya siku tano, nilikuwa naandika programu. Leo nimerudi na habari.

Nimefuta madaraja 6. Kila nchi sasa ina gereji moja na ukurasa mmoja. Unaliona gari lako limesimama katikati, kama kwa Mzee Jomvu. Unaburuta kitu unakiweka juu yake. Hakuna namba za uzito. Ukizidisha, gari linainama nyuma, unaliona kwa macho, na springi zikianza kuchoka linatoa mlio. Nimerekodi mlio wa tuktuk la jirani yangu lililobeba magunia matatu ya viazi, linapanda tuta. Umefaa kabisa kwa L3, maana L3 yenyewe ni tuktuk ya chuma.

Meli: kila baada ya muda inaingia moja Kilindini na huchagui imebeba nini. Waliowahi kuagiza gari Japani wanaijua hali hiyo. Umeagiza la kijivu, limekuja la buluu na kiti kimoja kimechanika, unalipokea.

Jana nimewapelekea toleo hilo Mwembe Tayari. Yule dogo wa PediMkononi akachukua Afrika Kusini. Nilimkalia nyuma nikamtazama bila kusema neno. Mechi ya kwanza kachomewa magari mawili. Ya pili akaona mzinga wa Breda umeachwa kando ya barabara baada ya Mtaliano kurudi nyuma, akaenda nao gereji. Akaubandika juu. Gari likainama. Akautoa. Akakaa anakuna shavu. Akang'oa bamba la juu la gari lake mwenyewe, lile linalomlinda, akaurudisha mzinga. Gari likakaa sawa. Kwa hiyo akafika penyewe pale walipofika wale wa Libya, gari la wazi lenye mzinga wa adui mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Halafu akageuka akanitazama, akasema: "Hili nalipa jina."

Sikuwa nimeweka sehemu ya kutia jina. Nimeiweka usiku huo huo.

#13 PediMkononi

Nilikuwapo. Gari ameliita Shangazi. Nimepigwa na Shangazi mara mbili, na wakati huo baruti yangu ya Keren ilikuwa imekwisha.

Naondoa neno langu la kwanza kuhusu michoro ya makabatini. Sijaliondoa la mtu kuhama. Mechi za kusini bado ni ndefu mno, lori linatembea dakika 6 bila kukutana na mtu.

#14 KambaYaKilindini

Hilo nalijua. Nitapunguza masafa, au niweke visima vya maji vya kugombania. El Wak, mpakani na Somalia, na sehemu zile maji yalikuwa jambo kubwa kuliko petroli.

Limebaki moja. Ethiopia. Gereji ya Ethiopia ni tupu. Nimeifungua nikaitazama, uwanja mtupu na kuku mmoja niliyemchora kwa mzaha.

#15 Mwalimu_Kisauni

Usiijaze haraka. Desemba 1935, kwenye njia ya Dembeguina, wapiganaji wa Ethiopia walivikabili vile vigari vya L3 kwa mikono. L3 haina tareti, haioni nyuma wala ubavuni. Walizunguka, wakavipanda, wakavishinda. Kwa hiyo la kwanza kwenye gereji ya Ethiopia ni L3 iliyotekwa na watu wa miguu, haikununuliwa wala haikuundwa.

Na 1941 mfalme aliporudi kupitia Sudan, mizigo ya kikosi kile ilibebwa na ngamia, maelfu kwa maelfu, na wengi sana walikufa njiani kwa milima na baridi ambazo hawakuzizoea. Ngamia ndiye gari lao la daraja la 1, kama bado unayataka madaraja.

#16 MzaliwaWaTanga

Ngamia anahitaji petroli?

#17 KambaYaKilindini

Anahitaji maji na mtu wa kumwongoza. Akiwa mlimani siku nyingi anadhoofu. Haongezwi bamba wala springi.

#18 Gereji_Jomvu

Tandiko je? Tandiko likikaa vibaya mgongo unachubuka, mnyama hapati usingizi, kesho habebi. Baba yangu alikuwa na punda wa maji Jomvu Kuu kabla mabomba hayajafika, najua ninalosema. Tandiko nalo lipite gereji.

#19 KambaYaKilindini

Mzee, kesho Jumamosi uko gereji saa ngapi? Nakuja na kompyuta. Nataka unichoree hilo tandiko.

#20 Gereji_Jomvu

Njoo baada ya adhuhuri, asubuhi nina matatu ya mtu. Mlete na huyo dogo mwenye Shangazi.